Boda, bodi na bodingi ni ukoo mmoja

Mkazi wa Kampala anaweza kuyatamka maneno haya matatu kabla ya saa nne asubuhi. Anapanda boda kwenda kazini. Njiani anasikia redioni kwamba bodi ya mitihani imetoa tangazo. Akifika anapiga simu shule ya bodingi anakosoma mwanawe, aulize wazazi wanaruhusiwa kutembelea lini. Usafiri, ofisi, malezi ya mtoto: hakuna anayeyaweka pamoja, maana kila neno lina kazi yake. Lakini yote matatu yanarudi kwenye tamko moja la kale la kaskazini mwa Ulaya, bord, lililobeba maana ya ubao na pia ya ukingo.

Naliandika hili kwa sababu ya mjadala ambao haujatulia tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Katiba ilikwisha kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, ila utekelezaji ulikuwa umelala. Sasa swali limekuwa: Kiswahili kipi? Na jibu ninalolisikia mara kwa mara, hata kutoka kwa walimu ninaowaheshimu sana, ni kwamba Kiswahili tulicho nacho mitaani hakistahili kuingia darasani. Kwamba kimejaa Kiingereza kilichopinda na Kiswahili kilichopotoka. Usiseme boda, sema pikipiki ya abiria. Usiseme bodingi, sema bweni. Posho si ugali, futa.

Hoja hiyo inasimama juu ya imani kwamba neno lina maana moja ya haki, ile liliyozaliwa nayo, na kila linapohama linaharibika. Imani hiyo si ya kweli, na lugha ileile tunayoichukulia kuwa kipimo cha usomi, yaani Kiingereza, ndiyo inayoikanusha kwa uwazi zaidi.

Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na bord mbili zilizosikika sawa. Moja ilikuwa ubao, kipande cha mti kilichopasuliwa bapa. Nyingine ilikuwa ukingo, hasa ubavu wa chombo cha majini. Wataalamu wa asili za maneno hawakubaliani kama mbili hizo zilizaliwa na mama mmoja. Linalokubaliwa ni kwamba ziliishi pamoja muda mrefu hadi zikaingiliana, na ukoo wowote hukua hivyo, kwa kuzaana na kwa kuoana. Washairi wa zamani wa Kiingereza waliita bord hata ngao, kwa kuwa ngao ya askari ilikuwa ya mbao.

Ubao ukiwekewa miguu ni meza. Watu walikula juu yake, kwa hiyo meza ya chakula ikaitwa board. Baada ya muda jina likashuka kutoka kwenye mti likaingia kwenye chakula chenyewe, kisha kwenye huduma yote ya kulishwa kwa mtu anayelala mbali na kwao. Kijana aliyelipa ili ale kwenye meza ya mwalimu wake akawa boarder, na kufikia karne ya 17 Waingereza walikuwa wanataja shule za boarding. Mfumo huo uliletwa Uganda na wamisionari. Namilyango ilianza mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, Budo mwaka 1906, na mpaka leo mzazi wa Uganda akiwaza shule nzuri, mara nyingi anawaza shule ambayo mtoto analala hukohuko.

Simama kando ya barabara yoyote inayotoka Kampala siku za kufungua muhula. Utaiona boda imebeba godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba nyuma. Sanduku la bati limekaa mbele ya dereva juu ya tangi, na jina la mtoto limeandikwa kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe. Mtoto yuko katikati, amekumbatia beseni lenye ufagio, karatasi za chooni na rimu ya karatasi ambazo shule imeagiza. Boda inapeleka bodingi. Jina la chombo linatokana na ukingo wa nchi, jina la shule linatokana na meza ya chakula, na dereva anajua tu kwamba bei ni ya abiria pamoja na mzigo.

Kiswahili sanifu kinaiita shule hiyo shule ya bweni, na neno hilo ni zuri. Lakini tazama tofauti yake na bodingi. Bweni ni mahali pa kulala, kwa hiyo Kiswahili kilitaja kitanda. Kiingereza kilitaja sahani. Ni taasisi moja iliyopewa jina kutoka pande mbili, na sioni kwa nini upande mmoja uitwe kosa.

Na kwenye sahani hiyo, katika shule nyingi za Uganda, kuna posho na maharage. Hapa ndipo masahihisho huanza, maana kwa Mswahili wa pwani posho ni mgao: chakula cha siku anachopimiwa mpagazi, kibarua au askari. Ni kweli. Lakini tuulize posho ilifikaje Uganda. Ilifika pamoja na watu waliolishwa kwa kupimiwa, kwenye misafara, kambini, mashambani. Kilichopimwa mara nyingi kilikuwa unga wa mahindi. Jina la mgao likahamia kwenye unga, kutoka kwenye unga likahamia kwenye ugali uliosongwa, na hapo likatulia. Waganda nao waliuita ugali huohuo kawunga, kutokana na unga.

Board ilitoka kwenye ubao ikawa chakula cha kulipiwa. Posho ilitoka kwenye mgao ikawa chakula kilichogawiwa. Ni mwendo uleule: jina la utaratibu wa kulisha na jina la kinacholiwa hubadilishana nafasi, kwa sababu midomoni mwa wenye njaa vitu hivyo viwili haviko mbali. Tanzania nako posho ilishika njia nyingine. Ilitoka kwenye kibaba ikaingia kwenye bahasha, na leo mjumbe wa kamati Dodoma akisema posho anamaanisha fedha ya kikao. Sijawahi kumsikia mwalimu wa Kiswahili akimsahihisha mbunge kwamba posho ni unga wa wapagazi. Maana mpya ya Dodoma imeingia kwenye usanifu bila kelele. Maana mpya ya Kampala inaambiwa ni upotofu. Tofauti pekee ninayoiona kati ya hizo mbili ni nani aliyekuwa karibu na waandishi wa kamusi.

Turudi mezani, maana meza ilizaa tawi jingine. Watu hawakukaa kwenye meza kwa ajili ya kula tu, walikaa pia kushauriana. Waliokaa kuizunguka wakaanza kuitwa kwa jina la kitu walichokizunguka, na board ikawa kundi la watu wenye mamlaka. Uganda tunalijua tawi hili kwa undani. Baraza la mitihani la taifa, UNEB, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, herufi yake ya mwisho ni ya Board. Kwa zaidi ya miaka hamsini umeme wetu ulikuwa mkononi mwa bodi, tangu mwaka 1948 hadi shirika hilo lilipogawanywa vipande vitatu mwaka 2001. Pamba ilikuwa na bodi yake, kahawa ilikuwa na yake, na kwa mkulima wa Masaka bodi haikuwa kikao cha mabwana mezani, ilikuwa ni ule mkono wa mbali ulioipeleka kahawa yake ng'ambo na kuamua alichobaki nacho. Mzee wa kijijini akisema bodi kwa sauti ya chini, ujue kuna historia ya bei ndani yake. Kamusi ya Kiingereza haina maana hiyo, na maana hiyo ni halali.

Kiswahili chenyewe kilifanya jambo hilohilo bila kumwiga mtu. Mbele ya nyumba za kale za Lamu na Mombasa kuna benchi la mawe lililojengwa ukutani, ambapo watu hukaa jioni kuzungumza na kupokea wageni. Benchi hilo ni baraza. Jina likatoka kwenye jiwe likaenda kwa waliolikalia, ndiyo maana leo tuna Baraza la Mawaziri. Waingereza walikaa kwenye ubao na Waswahili walikaa kwenye jiwe, na wote wawili wakayaita mamlaka kwa jina la samani. Uganda ikalichukua neno hilo na kulisogeza hatua moja mbele. Tangu mwaka 2009 serikali imekuwa ikiendesha mikutano ya hadhara iitwayo baraza, ambapo maofisa wa wilaya hueleza fedha za barabara na zahanati zimekwenda wapi, na wananchi husimama kuhoji. Mtu anayezungumza Kiingereza cha Uganda hulitaja neno baraza bila kulifasiri. Kwake baraza ni ule mkutano wenyewe, haki ya kumuuliza ofisa swali mbele ya majirani. Nayapenda maana hayo kuliko yale ya kikao cha wakubwa.

Tawi la ukingo lina hadithi nyingine, na ndilo linalotufikisha Busia, mji wa mpakani kati ya Uganda na Kenya. Ubavu wa merikebu uliitwa bord, kwa hiyo aliyeingia chomboni aliupita ubavu huo akawa on board. Upande wa kulia wa chombo uliitwa starboard kwa sababu ndiko lilikofungwa kasia la kuongozea. Sehemu ya kwanza ya neno hilo ni usukani, haina uhusiano na nyota. Msafiri wa leo pale Entebbe anaonyesha boarding pass ili apande ndege, na jina la kikaratasi hicho bado linakumbuka mbao za merikebu. Kiswahili kwa upande wake kilichukua abiria kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuvuka. Abiria ni mvukaji. Liweke neno hilo akilini.

Ukingo huohuo ulipitia Ufaransa. Wafranki, watu wa kabila la Kijerumani walioipa nchi hiyo jina, waliliacha neno lao ndani ya Kifaransa, na Wafaransa wakatengeneza bordure: upindo wa nguo, pambo la pembeni mwa ngao. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yalifurika huko, na hilo likawa miongoni mwake. Kwa muda mrefu border ilikuwa kitu cha fundi cherehani na mchora nembo. Maana ya mpaka wa nchi ilipata nguvu katika karne ya 16 kati ya Uingereza na Uskoti, mahali palipojaa uvamizi na wizi wa ng'ombe. Upindo wa nguo ukawa upindo wa dola.

Mpaka wa Uganda na Kenya nao ulishonwa na mafundi wa mbali. Hadi mwaka 1902 Kisumu na nchi inayoizunguka zilihesabiwa ndani ya Uganda. Mwaka huo London ikalikata jimbo la mashariki ikalihamishia upande ambao leo ni Kenya. Wasamia walijikuta wako pande zote mbili, kama Wateso walivyojikuta huko Malaba. Shangazi yuko Uganda, mpwa yuko Kenya, na kisima kiko upande mmojawapo.

Pale Busia, miaka ya 1960 na 1970, kati ya lango la Uganda na lango la Kenya kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho msafiri alipaswa kukivuka mwenyewe. Basi lilimshusha upande huu, basi jingine lilimngoja upande wa pili, na kuvusha gari kulihitaji makaratasi. Vijana wenye baiskeli wakaiona kazi. Walifunga mto wa sponji juu ya keria, wakauvalisha plastiki ya rangi, wakaongeza vyuma vya kukanyagia miguu, wakasimama langoni wakiita: boda, boda! Mpaka hadi mpaka. Kwenye baiskeli nyingi mto huo ulikuwa na nyuzi zinazoning'inia pembeni, upindo kabisa wa aina ile Wafaransa waliyoiita bordure. Waliozishona nyuzi hizo walipenda baiskeli yao ipendeze, hawakuwa na habari ya Kifaransa. Na aliyepanda alikuwa abiria kwa maana ya asili ya neno: mvukaji.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niwatetee watu wale kwa moyo wote. Neno lililomaanisha mahali pa kuzuiwa wao waliligeuza likawa njia ya kupita. Katika Kiingereza border husimamisha. Katika kinywa cha kijana wa Busia boda inakuvusha. Baiskeli zikaenea miji ya ndani, Jinja, Mbale, Kampala, mahali ambapo hakuna mpaka wowote wa nchi, na jina halikubanduka. Pikipiki zikazipokea baiskeli katika miaka ya 1990, na jina likabaki lilelile. Neno likavuka hadi Kenya, Rwanda, Tanzania, na leo kamusi za Kiingereza zenyewe zina ingizo la boda boda. Waliokopesha sasa wamekopa. Pale Busia kwenyewe, tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi na marais wa nchi mbili, msafiri hukaguliwa na maofisa wa pande zote mahali pamoja. Hali iliyolizaa neno imebadilika, nalo linaendelea kuishi mbali na nyumbani.

Si mara ya kwanza mpaka huo kukipa Kiingereza msamiati. Wasomi walioandika kuhusu uchumi wa Uganda wa enzi ya Idi Amin waliliacha neno magendo lilivyo, katikati ya sentensi zao za Kiingereza, kwa kuwa hawakupata lao lililobeba uzito ule.

Naomba tahadhari moja hapa, maana sikio hudanganya. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaotengeneza bodi ya lori wanatumia neno la ukoo mwingine, lile la mwili, body, ambalo halina udugu wowote na ubao hata kama bodi yenyewe imechongwa kwa mbao. Vilevile rolex, chapati iliyokunjiwa mayai ndani, imetokana na mayai yaliyoviringishwa, haikutokana na saa ya mkononi. Anayetaka kueleza asili ya neno afuate historia yake, asifuate mlio.

Na kama mtu anadhani tabia hii ya kuzaliana maana ni ugonjwa wa Kiingereza, autazame ubao wetu. Ubao ni kipande cha mti. Ndio pia ule ambao mwalimu anaandikia, na Waganda wanauita olubaawo, neno ambalo udugu wake na ubao hauhitaji mkalimani. Bao ni mchezo wa mashimo na kete, ule ambao Buganda wanauita omweso. Bao ni chombo cha mpiga ramli. Bao ni goli uwanjani Namboole. Mtangazaji anapopaza sauti kwamba bao limeingia hakuna anayelalamika kwamba hakuna mti uliopita golini. Tumeizoea safari hiyo kwa sababu ilianza zamani. Safari ya posho na boda ni changa, watu wanaisikia ikitembea, ndiyo maana inawasumbua.

Kuna pingamizi la haki, nami silipuuzi. Mtihani unahitaji kipimo kimoja, na mtoto wa Mbarara lazima aeleweke Morogoro. Akifika huko akasema kwamba shuleni walikula posho kila siku, msikilizaji anaweza kudhani wanafunzi walikuwa wanatafuna fedha za vikao. Lakini tatizo hilo linatatuliwa kwa kumfundisha mtoto maana zote mbili, pamoja na njia zilizopitwa. Mwalimu anayefuta posho kwa kalamu nyekundu bila maelezo amemfundisha mtoto jambo moja tu: kwamba lugha ya jikoni kwao ni ya aibu. Uganda haimudu hilo. Kiswahili hapa tayari kinabeba mzigo wa kumbukumbu za kambi za askari na vizuizi vyao vya barabarani. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wapo wazee ambao wakikisikia bado wanashtuka. Mtoto wao akiambiwa kwamba hata kile kidogo alichokipokea nyumbani ni kibovu, atakiacha mara tu mtihani utakapokwisha.

Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili. Kazi ya kwanza ningeipendekeza iwe kukusanya maneno: kwenye steji za boda za Busia, masokoni Arua, Kasese ambako Kiswahili cha Kongo kinaingia kila siku na wachuuzi, na katika jiko la shule yoyote ya bodingi. Kamusi zetu zina desturi ya kuweka alama inayoonyesha neno lilikotoka, na kwa boda alama hiyo ni Kiingereza. Iongezewe Busia, na muongo. Kwenye posho ziandikwe maana tatu kwa mpangilio wa kihistoria, mgao, fedha ya kikao na ugali, na maana ya ugali ipewe jina la nchi inayoitumia, bila ile alama ya mtaani inayomwambia msomaji kwamba neno hili si la kuandikwa.